Yule dada wa kaunta kaniuliza kama bibi yangu ni gaidi!!

Wakuu niko bado parking hapa mikono inatetemeka. Wabongo wa Columbus hapa Marekani wote mnamjua yule dada wa dirisha la kutuma hela, yule wa kucha ndefu, sina haja ya kumtaja. Namtumia bibi dola 200 za dawa ya presha huko Pangani, foleni mpaka mlangoni, ye anapaza sauti kama mpiga debe: HUYU MPOKEAJI ANA UHUSIANO NA KIKUNDI CHA KIGAIDI? Bibi yangu! Ana miaka kama mia tisa, meno hana, kitu pekee alichowahi kulipua ni jiko la mchina. Foleni nzima ikageuka kunitazama. Kigaidi, bibi, mbele za watu.

Halafu serikali yao Januari 2016 imejaza ndege keshi ya dola milioni 400, euro na faranga za Uswisi zimepangwa kwenye mapaleti kama saruji, ikapelekwa Iran, nchi ambayo wenyewe wameiweka kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi toka 1984. Pale nani aliulizwa kwa sauti? Wabane keshi huko kwanza ndo waje kwa bibi. Na alivyouliza akanyanyua na nyusi!

MLA MIHOGO: Mkuu mbona hujasema popote kwamba bibi hana uhusiano 😂😂

Mjuvi wa Kariakoo: Punguza munkari. Hela ilikuwa ya Iran, mfalme wao Shah alilipia silaha za Marekani kabla ya mapinduzi ya 1979 hazikufika, ile bilioni 1.3 iliyofuata ni riba.

Mwanzisha uzi: Nani kakuuliza riba? Mi naongelea zile nyusi.

Kizibo: Deni gani linalipwa wikiendi ileile Wamarekani waliofungwa Iran wanaachiwa. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha mswada wa kuzuia keshi kwa Iran Septemba 2016, sheria haikuwa mpaka leo.

Wa Nairobi: Nyinyi mnalia na nyusi? Sudan ililipa dola milioni 335, zikiwemo za mabomu ya 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar, ikatolewa kwenye hiyo list 2020, Wakenya waliokuwa wanapita tu barabarani hawakupata hata fare ya matatu.

Kizibo: Hiyo ndo inauma sasa.

Mama Nunu: Poleni. Ila bibi akienda kutoa hiyo hela kwa wakala makato yake mmeyaona??

MLA MIHOGO: Makato usinikumbushe dada, juzi wamenikata mpaka nimebaki na hela ya maandazi

Mama Nunu: Na wakala anakwambia floti hana, rudi jioni