VAT ya gesi iliondolewa 2023, mbona mteja hajaiona?

Mama Chapo, Kayole
Hamjambo wadau. Nina kibanda cha chapati na maharagwe, na naomba anayeelewa sheria anijibu. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 iliondoa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye gesi ya kupikia kuanzia Julai 1. Awali ilikuwa asilimia 8. Muuzaji wangu hakupunguza hata shilingi. Siku hizi maharagwe nayachemsha kwa makaa, gesi naiwekea chapati pekee kwa sababu chapati haitaki moto wa kuyumba. Majirani wengine wameshaweka mtungi uvunguni kabisa. Je, muuzaji halazimiki kutupatia punguzo hilo?

Wa Gesi, Umoja
Mama, mimi huuza. Gesi inaingia kwa meli Mombasa na hulipwa kwa dola. Mwaka huo shilingi iliporomoka, mwishoni dola ikapita shilingi 150. Tena sheria hiyohiyo ilipandisha VAT ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16, na lori linaloleta gesi Nairobi linatumia dizeli. Punguzo lilimezwa njiani.

Wakili wa Mtaa
Halazimiki. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi na mafuta, hutangaza bei ya juu ya petroli, dizeli na mafuta taa. Gesi haimo. Kwa hivyo kodi ya petroli ikibadilika utaiona kwenye pampu, lakini ya gesi inabaki mikononi mwa wauzaji. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa bora na maelezo ya kutosha, bei hakigusi. Ipo pia sheria ya 2011 inayomruhusu Waziri wa Fedha kuwekea bidhaa muhimu bei ya juu. Mwombeni aitumie.

Mama Chapo, Kayole
Asante wakili, lakini hapo hapana. Mwaka 2022 serikali iliposema unga wa kilo 2 uuzwe shilingi 100, nilizunguka maduka hadi miguu ikavimba na unga sikuupata. Bei nzuri ya kitu kisichokuwepo hainilishi watoto. Ninachotaka ni EPRA itangaze kila mwezi gesi imefika Mombasa kwa bei gani, tujue kila mmoja ameongeza ngapi. Umesema maelezo ni haki yangu, basi nianzie hapo. Wa Gesi, kilo 13 unajaza kwa ngapi leo?

Wa Gesi, Umoja
Njoo na mtungi, mama. Nitakuonyesha na risiti niliyonunulia.