Naomba ushauri: podikasti yetu ya siasa Mtwara imegeuka uwanja wa matusi

MwanaLigula
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mwenzangu tunaendesha podikasti ya siasa hapa Mtwara mjini. Nia yetu ni kuwakalisha meza moja watu wa vyama na mitazamo tofauti, wabishane bila kuvunjiana heshima. Sisi wa Kusini tunajua watu wasiposikilizana kinatokea nini. Mwaka 2013, sakata la bomba la gesi, watu walikufa na nyumba zikachomwa.

Jumamosi tulirekodi mada ya korosho. Kijana mmoja anataka serikali isimamie soko na stakabadhi ghalani (korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada) ibaki. Mfanyabiashara anataka mkulima amuuzie amtakaye. Kati yao tulimweka mzee mkulima kutoka Tandahimba. Yalikwenda vizuri mpaka ulipoguswa msimu wa 2018, serikali ilipozikataa bei za wanunuzi binafsi na jeshi likaingia kukusanya korosho kwa sh. 3,300 kilo. Kijana akamwita mwenzake "kangomba", akarudishiwa "chawa mkubwa wewe". Dakika ishirini nzima ni hivyo. Mzee hakusema neno. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Mwanangu, hiyo nauli mngenipa tu nikanunulia salfa ya mikorosho."

Mwenzangu anataka tukate kipande cha matusi tukirushe WhatsApp. Mimi moyo unakataa. Tufanyeje?

Mpiga_Debe
Rusha mkuu. Wasikilizaji mtawapata kwanza, ustaarabu baadaye.

BintiMikindani
Usirushe kaka. Kangomba huku si neno la mzaha, ni kumtuhumu mtu kwamba anawapunja wakulima wenye shida kabla msimu haujafunguliwa. Mna ushahidi? Na wasikilizaji watakaokuja kwa matusi watadai matusi kila wiki.

Mwalimu_Masasi
Mdogo wangu, kosa ni lenu waongozaji. Kwenye utani mtu anakutolea maneno mazito hadi msibani na hukasiriki, kwa sababu mipaka yake inajulikana. Ninyi mmewakalisha watu bila mipaka. Waambieni kabla ya kurekodi: hakuna kumjibu mwenzako mpaka uieleze hoja yake na yeye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mtashangaa sauti zitakavyoshuka.

Jambo la pili, msiwaite mara moja tu. Uingereza, Alastair Campbell aliyekuwa msemaji wa Tony Blair wa Labour, na Rory Stewart aliyekuwa waziri wa Conservative, wana podikasti ya pamoja tangu 2022. Kila wiki wanakutana tena. Ukijua wiki ijayo utamtazama usoni huyohuyo, ulimi unaupima.

Mkorosho_Mkavu
Nakazia hapo. Halafu hakuna aliyetaja ile asilimia 65 ya tozo ya mauzo ya nje iliyokuwa inarudi kuendeleza zao la korosho? Ilipoondolewa 2018, wabunge wa Kusini wa CCM na wa upinzani waliipigania kwa pamoja bungeni. Wageni wenu wangeanzia hapo wangekuta wanakubaliana nusu ya mambo.

MwanaLigula
Ahsanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Kipande hatukirushi, mwenzangu ameelewa. Nimempigia mfanyabiashara, amekubali kurudi akiombwa radhi. Kijana bado ananuna ila atakuja, na nimewaomba wote wawili mikutano mitatu. Mzee naye nimempigia. Ameuliza, "Safari hii nitapewa hicho kinasa sauti?" Nimemwambia yeye ndiye anayeanza.