Waandaaji wa matamasha Dar, kiyoyozi cha nyuzi 18 kinaua muziki na kupasua ala za watu

Wakuu, hili lisemwe wazi. Tamasha la ala tano za kupuliza (fluti, obo, klarineti, basuni na honi) linaharibika kabla noti ya kwanza haijatoka, na anayeliharibu si mpigaji. Ni mwandaaji anayekodi ukumbi wa hoteli, akashusha kiyoyozi hadi nyuzi 18 wakati nje ni 31, kisha akawapandisha wapigaji jukwaani moja kwa moja kutoka kwenye gari. Baadaye watu wanatoka wakinung'unika kwamba klarineti na obo hazikuelewana.

Zitaelewana vipi? Hewa ikipoa, sauti husafiri polepole zaidi ndani ya bomba na noti inashuka. Kila nyuzi moja inayopungua ndani ya ala inaondoa karibu Hz 0.8 (mitetemo kwa sekunde) kwenye A ya 440, noti ambayo wapigaji wote hulinganishia ala zao. Pumzi inapasha bomba, ila zaidi huku juu. Chini kwenye kengele (mdomo mpana wa mwisho wa bomba) kunabaki baridi. Ndiyo maana noti zinazotumia sehemu fupi ya bomba zinakaa karibu na mahali pake na zile zinazotumia bomba refu zimeshuka. Sauti ikipanda, mwenye klarineti anavuta barili (kipande kifupi cha bomba chini ya mdomo wa kupulizia) nje kidogo, yamekwisha. Ikishuka na viungo vyote vimeshasukumwa hadi mwisho, hana pa kwenda, labda awe na barili fupi, ya milimita 64 badala ya 66. Mwenye obo ana nafasi ndogo zaidi, na ndiye anayetoa ile A ambayo wenzake wanalinganishia! Mkiweka na piano ndiyo basi kabisa, piano haimfuati mtu.

Halafu hotuba. Wageni rasmi wanaongea nusu saa, wapigaji wamekaa jukwaani ala mapajani. Ala zinapoa upya na ridi zinakauka. Ridi ya obo au basuni ni vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja, na lazima iloweshwe. Ikikauka inajipinda nchani, noti ya kwanza inakwama. Tena pumzi ya moto ndani ya bomba baridi inageuka maji, yanaingia kwenye matundu, pedi (vifuniko vya matundu) zinagugumia. Ndiyo hapo mnawaona wakipachika karatasi ya sigara chini ya pedi inyonye maji, katikati ya muziki.

Kibaya kuliko vyote ni ufa. Klarineti na obo nzuri nyingi zinachongwa kwa mpingo, mti huu huu wa Kilwa. Ndani ukipashwa na pumzi ilhali nje ni baridi, ndani unatanuka, nje haufuati, unapasuka; mara nyingi kipande cha juu, kwenye matundu madogo ya trili (noti mbili zinazopishana haraka). Fundi ataziba kwa gundi na unga wa mpingo, lakini anayelipa ni mpigaji.

Na fundi mitambo aache kuchomeka maiki kwenye kengele ya klarineti. Sauti nyingi inatokea kwenye matundu yaliyo wazi. Ukumbi wa watu 150 hauhitaji maiki hata moja.

Tunachodai: kiyoyozi nyuzi 24 kuanzia muda wa saa mbili kabla ya tamasha. Chumba cha kupashia ala chenye joto hilo hilo, kwa dakika 20. Feni isimwelekee mwenye fluti, upepo unavuruga pumzi yake kwenye tundu la kupulizia. Hotuba zote ziishe kabla wapigaji hawajaingia. Yaandikwe kwenye mkataba, na mwandaaji asipoyatimiza ala ikapasuka, bili ya fundi ailipe yeye.