Mrejesho: machungwa ya chupa, uchungu umeisha

Wadau, niliwauliza kwa nini vipande vya machungwa ya Muheza ninavyohifadhi kwenye shira vinageuka vichungu vikikaa. Asante dada uliyesema tatizo ni ule weupe chini ya ganda, na wewe kaka uliyenishauri nichanganye na balungi nusu kwa nusu. Hilo la balungi nililibishia sana, maana lenyewe lina uchungu wake! Lakini ladha imetulia kuliko chungwa peke yake.

Sasa namenya hadi weupe wote uishe, natoa ngozi nyembamba na kokwa. Shira nyepesi tu, kikombe cha sukari kwa vinne vya maji. Naimimina ikichemka, naacha nafasi ya sentimita moja na kidogo juu, nafunga kwa mifuniko mipya, kisha chupa za nusu lita zinachemshwa dakika 10, maji yamezifunika kabisa. Aliyeko mlimani kama Lushoto afikishe 15.

Vipande bado vinaelea na shira inabaki chini. Haipendezi kuangalia, ila wanaokula hawajalalamika.