Naomba ushauri: mwenendo mtakatifu katikati ya masengenyo kazini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mtume Petro anatuagiza tuwe watakatifu katika mwenendo wetu wote (1 Petro 1:15), nami naamini agizo hilo linagusa hata mazungumzo ya kazini, si ibada peke yake.

Shida yangu ni hii. Mwenzetu mmoja akitoka tu ofisini, kabla mlango haujafungika vizuri, wengine huanza kumjadili: ndoa yake, madeni yake, hata ugonjwa wa mtoto wake. Kisha hunigeukia na kuniuliza, "Au wewe unaonaje?" Nikinyamaza, naonekana nimekubali, nikiondoka, naambiwa kwamba najifanya mtakatifu kuliko wengine, na nisingependa kuwakwaza watu ambao natamani wamjue Kristo. Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba walio mstari wa mbele ni Wakristo wenzangu, ambao asubuhi hiyo hiyo wametuongoza katika sala (Yakobo 3:10 inalikemea jambo hili waziwazi).

Mathayo 18:15 inanielekeza nimwendee ndugu aliyenikosea tukiwa wawili tu, lakini hapa aliyekosewa si mimi, wahusika ni wengi, na mmoja wao ni mkubwa wangu kwa umri na kwa cheo. Je, nianze naye faraghani, au niseme pale pale wote wakisikia? Na huyu anayesengenywa, nimweleze? Mliowahi kupitia hali hii, tafadhali niambieni mlitumia maneno gani.