Jumamosi sina kazi, nataka kufufua redio kaseti ya mzee: nianzie wapi?

Kibarazani:
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi hii nina siku nzima ya kwangu. Asubuhi nitapita Kariakoo kwa mahitaji ya nyumbani, nikirudi nataka nikae na redio kaseti ya mzee, dabo deki inayotumia betri kubwa sita. Kaseti zipo kama 20, nyingi ni taarabu na dansi la zamani lililorekodiwa kutoka redioni.

Deki ya kwanza inapiga, ila sauti inayumbayumba kama ya mlevi na imefifia, kama mwimbaji kajifunika blanketi. Deki ya pili imetafuna kaseti moja mpaka utepe ukakatika. Nyingine moja ina ukungu mweupe ndani. Ninunue nini nikiwa mjini, na je, naweza kuzihamishia kwenye kompyuta siku hiyohiyo? Natanguliza shukrani.

Bisibisi_Nyota:
Mkuu, kosa la kwanza ni kwenda Kariakoo mikono mitupu. Ifungue Ijumaa usiku. Chomoa waya wa umeme, toa betri, kisha fungua skrubu za nyuma. Kwa kawaida ni ndefu na zimezama kwenye mashimo, na mara nyingi kuna moja imejificha ndani ya sehemu ya betri. Wengi huvunja kasha kwa kuisahau hiyo. Piga picha waya za spika na antena kabla hujagusa kitu.

Utaona mota ndogo, gurudumu zito la chuma na mipira inayoviunganisha. Hiyo mipira ndiyo inayokuleweshea sauti. Ikizeeka inalegea, au inayeyuka ikawa kama lami. Ikiwa bado mizima, itoe uende nayo dukani. Ikiwa imeyeyuka, pitisha uzi kwenye njia yote ya mpira, upime urefu wake, kisha punguza kama asilimia 5 hadi 8. Uzi ukitoa sm 25, tafuta mpira wa mzunguko wa sm 23 hadi 23.7. Angalia na unene, na kama ni wa pembe nne au bapa. Usiseme "nipe unaobana vizuri": ukibana kupita kiasi unachosha mota, mwendo unapungua na bushi zinalika. Na rababendi za kufungia noti hazifai kabisa, unene wake haulingani na sauti itazidi kuyumba.

Lami iliyobaki kwenye magurudumu ifute yote kwa spiriti kabla ya kuweka mpira mpya. Vaa glavu, ile rangi nyeusi ikiingia kwenye kucha utakuwa nayo wiki nzima.

Spiriti nunua kwa wanaouza vifaa vya mafundi simu: aisopropili ya asilimia 99, ile ya kuoshea bodi. Ya kusafishia vidonda mara nyingi ni ya asilimia 70, na nyingine zina mafuta ndani. Thina ya rangi na petroli usithubutu, vinakula plastiki na mpira. Ongeza pamba za vijiti na kibano.

Mama_Santuri:
Naongezea kuhusu usafi, maana hapo ndipo blanketi linapotoka.

Redio ikiwa imezimwa, fungua mlango wa kaseti ubonyeze kitufe cha kupiga. Hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, itasogea mbele. Utaona vitu vitatu: hedi yenyewe inayong'aa, kijiti chembamba cha chuma, na rola ya mpira inayokibana kijiti. Futa hedi kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kijiti kina pete ya kahawia iliyoganda; hiyo ni vumbi la tepe za miaka yote, kwangua kwa pamba wala si kwa wembe. Rola mimi naifuta kwa maji na tone la sabuni, halafu kitambaa kikavu, kwa sababu spiriti ikirudiwarudiwa inakausha mpira. Subiri dakika kumi kabla ya kuweka kaseti.

Deki inayotafuna, ipige bila kaseti na uangalie kipini kinachokusanya utepe (cha kulia au cha kushoto, kutegemea redio). Kama hakizunguki, au kinasimama ukikigusa kidogo tu, hakina nguvu ya kukusanya utepe. Utepe unaendelea kusukumwa na rola, hauna pa kwenda, unajizungusha kwenye kijiti. Hapo tatizo ni mpira tena, au rola inanata. Jaribu kwa kaseti usiyoipenda.

Luthuli_254:
Hapa Nairobi mipira hiyo utaipata Luthuli Avenue, huko kwenu sijui bei. Ila nataka kusema jambo la hedi.

Kama umesafisha na bado sauti imeziba, kwanza tazama kaseti yenyewe. Katikati, nyuma ya utepe, kuna kipande kidogo cha sponji juu ya springi ya shaba. Kikidondoka, utepe haugusi hedi sawasawa na sauti kali zote zinapotea. Toa kingine kutoka kaseti mbovu.

Kama kipo, basi ni mlalo wa hedi. Kando yake kuna skrubu mbili. Moja imekazwa kabisa, usiiguse. Nyingine ina springi chini yake, na mara nyingi ina tone la rangi. Chora alama ya ilipo sasa kwa kalamu ya ncha laini. Piga kaseti, geuza skrubu taratibu, robo ya mzunguko kwa upande mmoja, rudi, jaribu upande mwingine. Sikiliza herufi "s" na kayamba. Zikichomoza, hapo ndipo.

Kumbuka kaseti ilirekodiwa na mashine nyingine yenye mlalo wake, kwa hiyo kila kaseti inaweza kutaka mahali pake.

Bisibisi_Nyota:
@Luthuli_254 sawa, lakini asianze na hiyo skrubu. Wengi wanaigeuza hedi ikiwa chafu, halafu wakiisafisha wanashangaa imezidi kuharibika. Usafi, mpira, sponji, ndipo skrubu.

Na mwendo: weka betri mpya au adapta sahihi (betri sita ni volti 9, angalia na pande za chanya na hasi). Chukua wimbo ambao unao pia kwenye simu, upime muda. Wa dakika 4 ukitumia dakika 4 na sekunde 10, redio inachelewa kwa asilimia 4. Ikifika asilimia 6 ni kama nusu toni nzima ya muziki, hata asiye mwanamuziki atasikia. Mota nyingi zina tundu dogo nyuma; ndani mna skrubu ya kurekebisha mwendo. Igeuze unywele mmoja tu.

Mama_Santuri:
Ile iliyokatika: kama kasha lina skrubu tano, fungua likiwa limelala mezani ili visponji na karatasi laini za ndani visiruke. Kama limeunganishwa bila skrubu, lipasue kwenye mshono kwa wembe na uhamishie magurudumu kwenye kasha la kaseti nyingine lenye skrubu. Pandanisha ncha mbili, zikate pamoja kwa mshazari kwa wembe mpya, kisha zikutanishe bila kupandana. Gundisha sm 1.5 ya utepe wa kuungia upande wa ndani, ule usiogusa hedi. Selotepu ya ofisini hapana: kwa joto la Dar gundi inatambaa na mizunguko ya jirani inanatana.

Yenye ukungu usiipige Jumamosi. Ukungu unahamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenye kaseti zote. Ifungie kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kukaushia unyevu kwa siku kadhaa, halafu uifute nje ya nyumba ukiwa umevaa barakoa.

Waya_Mfupi:
Upande wa kompyuta. Kwanza vunja vile vimeno viwili nyuma ya kila kaseti (ukitaka kurekodi tena siku moja, utaziba tundu kwa selotepu, hapo inaruhusiwa). Bila hivyo, kidole kikikosea kitufe taarabu imekwenda.

Zungusha kaseti mpaka mwisho na uirudishe kabla ya kuipiga. Iliyokaa miaka mingi anza kwa penseli ya pembe sita, usiiachie mota.

Waya wenye pini za 3.5 mm pande zote, kutoka tundu la hedifoni kwenda tundu la maikrofoni la kompyuta. Tundu hilo mara nyingi linapokea mono tu (sauti ya njia moja, si mbili kama stereo), lakini kwa nyimbo zilizorekodiwa kutoka masafa ya kati hupotezi kitu, matangazo yenyewe yalikuwa mono. Sauti ya redio weka theluthi, besi na treble katikati. Programu ya kurekodia, Audacity, ni ya bure. Vilele vya sauti kwenye kipimo chake visipite desibeli −6. Hifadhi kama WAV, 44,100 Hz biti 16: kwa stereo ni MB 10 na ushee kwa dakika, mono nusu yake. Ukisikia mvumo, chomoa chaja ya laptopu na uendeshe redio kwa betri.

Hakuna njia ya mkato: kaseti ya C60, yaani ya dakika 60, inachukua saa moja. Chagua nne. Zikiwa zinapiga, bandika maharage au cheza bao, ila ubaki karibu.

Kibarazani:
Asanteni sana. Nikichomeka waya spika zinanyamaza. Nitajuaje kama imeanza kutafuna nikiwa jikoni?

Waya_Mfupi:
Nunua kigawanyaji cha tundu moja kuwa mawili, kama unapita Kariakoo. Tundu moja kompyuta, la pili spika ndogo. Sauti ikianza kuzama au kukatika, kimbia ubonyeze kitufe cha kusimamisha, wala usivute utepe mlango ukiwa umefungwa.

Mama_Santuri:
Na kaseti za C120 ziache mwisho. Utepe wake ni mwembamba kuliko wa C60, ndio unaotafunwa kwanza.