Omega-3, B complex au ginseng: kipi kinaondoa uchovu wa akili?

Mchana_Mrefu: Wakuu, ikifika saa tisa mchana nasoma ukurasa mmoja mara tatu na hauingii. Duka la dawa wana omega-3, B complex na ginseng. Hela inatosha kopo moja. Nichukue lipi?

Mama Kisamvu: Umri? Ke au me? Unalala vipi? Umeficha yote ya maana halafu unataka jibu.

Babu_wa_Pwani: Ginseng mkuu, usipoteze muda. Nina miaka 58 na kichwa kinachemka.

Somo_la_Kodi: Ginseng? Mwaka jana najiandaa na CPA, ile mitihani ya uhasibu, nikanunua kopo kwa jamaa anayepitapita maofisini, eti ginseng ya kuongeza akili. Siku mbili nikajiona profesa. Ya tatu moyo unadunda kama mdundiko, saa kumi alfajiri nipo macho nahesabu mbao za dari. Kuja kusoma yale maandishi madogo: kila kidonge kafeini miligramu 200, na dozi ni viwili asubuhi, viwili jioni. Yaani 800, wakati mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidi 400 kwa siku, na bado mimi nashushia kahawa! Mtihani niliingia mikono inatetemeka. Somo la kodi nikarudia.

Babu_wa_Pwani: Hiyo ni kafeini, usiisingizie ginseng.

Kaunta: Nauza dawa, nasema ukweli. B complex inamfaa mwenye upungufu. Mwingine ataambulia mkojo wa njano tu, ile ni B2. Omega-3 sijaona ikimwamsha mtu saa tisa. Na Babu, kama unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hiyo ginseng mwambie daktari wako.

Mchana_Mrefu: Ke, 34. Nanyonyesha, mtoto ana miezi mitano. Nalala kama masaa manne, tena vipande vipande. Chai nakunywa kila baada ya mlo.

Mama Kisamvu: Si ungesema mapema! Kapime damu kwanza, na ferritini (akiba ya chuma mwilini) kama wanapima. Hiyo chai juu ya mlo inazuia madini chuma, isogeze mbele saa moja au mbili. Ginseng iache hadi umuone daktari. Na baba mtoto usiku anafanya nini?

Somo_la_Kodi: Baba naye anaamka saa kumi na moja kuwahi daladala, tusimuonee.

Mama Kisamvu: Kwani mama haamki? Dada, kula dagaa, wana chuma na hiyo omega humo humo.

Babu_wa_Pwani: Wa Kigoma lakini. Wa Mwanza mchanga mtupu.

Kaunta: Babu, hujui kuosha dagaa.

Mchana_Mrefu: Dagaa wa Kigoma bei yake mnaijua lakini?